KUZUMBURU: NDEGE MDOGO WA MKIA MREFU, NA HABARI ZA JINA LAKE

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za ndege mmoja mdogo ambaye kila mtu wa Tarime na Serengeti amemwona, walakini ni wachache wawezao kumtaja kwa jina. Ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili wake wote. Huja bustanini kwa kundi, hutambaa katika matawi ya mpapai na mpera, hula, kisha huondoka mmoja mmoja kwa kufuatana. Kwa Kiswahili jina lake ni kuzumburu.

Labda mtu atauliza, Je, lina faida gani jina la ndege? Twajibu kwamba faida yake si ndogo. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa pili, kazi ya kwanza ya akili aliyopewa Adamu ilikuwa kuwapa wanyama na ndege majina. Asiyejua jina la kitu hawezi kukiuliza habari zake, wala kukisimulia kwa mwenzake, wala kukitenga na kingine kinachofanana nacho. Tena huweza kukihukumu kwa makosa yasiyo yake. Mtu akisema tu, "Ndege wameharibu shamba langu," hajasema neno la kutosha, maana ndege ni wengi na kazi zao ni mbalimbali. Mwishowe tutaona jinsi jambo hili linavyowagusa wakulima wetu.

1. ALAMA ZAKE

Kwanza tujifunze kumtambua. Kuzumburu wa kawaida ana urefu wa sentimita 30 hadi 36 hivi tokea mdomo hata ncha ya mkia, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia mtupu. Ukimpima kwa mizani uzito wake ni gramu 50 hivi. Kwa hiyo akionekana angani hudhaniwa kuwa ndege mkubwa kiasi, kumbe mwili wake ni mdogo sana.

Mkia wake una manyoya kumi, magumu, yaliyopangwa kwa ngazi: ya kando ni mafupi, ya katikati ni marefu sana. Lakini manyoya ya mwili ni laini mno, yanafanana na nywele kuliko manyoya. Mabawa yake ni mafupi na ya mviringo, kwa hiyo haruki mbali. Hupiga mabawa upesi upesi, kisha huyanyosha akateleza hewani, akaanguka katikati ya kichaka kama kitu kilichotupwa.

Yatupasa tuangalie alama mbili pamoja, wala si moja tu. Mkia mrefu peke yake hautoshi. Fumbwe dume naye ana mkia mrefu wakati wa kutaga, lakini yeye hula mbegu za majani chini. Chozi wengine wana mikia mirefu, lakini hao ni wanyonyaji wa maji matamu ya maua, na midomo yao ni myembamba iliyopinda. Kula matunda peke yake pia hakutoshi. Shore hula matunda katika bustani ile ile, lakini mkia wake ni wa kawaida. Mwenye mkia mrefu mno, na kishungi, na mwendo wa kutambaa katika matawi, na kundi la wenzake, na hamu ya matunda na majani, huyo ndiye kuzumburu.

2. JAMAA WAWILI KATIKA NCHI YA MARA

Duniani kote aina za kuzumburu ni sita tu, na zote sita hukaa Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara. Ulaya hawako, Asia hawako, wala Marekani. Katika nchi ya Mara twaweza kuwaona wa aina mbili.

Wa kwanza ni kuzumburu wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Colius striatus. Uso wake ni mweusi kuzunguka macho na mdomo, na shingoni na kifuani ana mistari midogo midogo isiyoonekana ila kwa karibu. Huyu hupenda mahali penye unyevu na majani mengi: ua za nyumba, migomba, kahawa, kingo za mito, na vichaka vilivyoota katika mashamba ya zamani. Kwa hiyo vilima vya Tarime, vyenye mvua na migomba, ni nchi yake hasa. Sauti yake si tamu. Ni mlio wa kukwaruza, mfupi mfupi, kama watu wanaogombana chini kwa chini.

Wa pili ni kuzumburu wa kisogo cha buluu, ambaye wataalamu humwita Urocolius macrourus. Rangi yake ni ya kijivu, ana wekundu usoni kuzunguka jicho, na nyuma ya kichwa ana doa zuri la buluu ya mbingu. Mkia wake ni mwembamba zaidi. Huyu hupenda nchi kavu yenye miiba na migunga, kama ile iliyo chini ya Mugumu kuelekea mto Grumeti na mbuga ya Serengeti. Huruka kwa nguvu na kwa kunyoka kuliko mwenzake, na sauti yake ni mluzi mrefu wenye huzuni, husikika mbali. Mwenye kusikia mluzi huo mara moja na kumwona ndege mwenyewe hatasahau tena.

Tazameni basi, ndugu, mtu anayetoka Tarime mjini akashuka mpaka Serengeti aweza kuwaona wote wawili kwa siku moja, na kwa kuwaona akajua kwamba nchi imebadilika, kutoka ya mvua hata ya ukame. Ndege humfundisha mtu hali ya nchi, ikiwa mtu huyo ana macho ya kutazama.

3. MIGUU YAKE NA KULALA KWAKE

Ndege wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kuzumburu hakufungwa na kanuni hiyo. Vidole vyake viwili, kile cha kwanza na kile cha nne, huweza kugeuka mbele au nyuma kama apendavyo. Akitaka, vidole vyote vinne huelekea mbele, navyo vina kucha ndefu, kali. Kwa miguu hiyo hupanda na kushuka mtini, huning'inia kichwa chini akila tunda, tena hukimbia juu ya tawi jembamba kama panya juu ya boriti.

Anapopumzika hakai juu ya tawi kama njiwa. Huning'inia mbele ya tawi, miguu ikiwa imeinuliwa hata mabegani na tumbo likiwa wazi. Asubuhi, jua linapochomoza, kundi zima hutoka katika kichaka, huning'inia mahali palipo wazi, hufumua manyoya ya tumbo na kuliota jua. Mtu asiyejua atasema ni ndege wavivu. Lakini wataalamu wameona sababu yake. Chakula cha kuzumburu ni majani na matunda, na chakula cha namna hiyo hakitoi nguvu upesi. Tena moto wa mwili wake huwaka polepole kuliko wa ndege wengine wa kimo chake. Kwa hiyo joto la jua humsaidia kuupasha mwili wake bila kutumia akiba yake.

Usiku hufanya jambo jingine la ajabu. Hukusanyika kundi, wakashikana kifua kwa kifua, wakawa kama furushi moja lililotundikwa katika kichaka. Majaribio yaliyofanywa huko Afrika Kusini yameonyesha kwamba kuzumburu aliye katika furushi hutumia nguvu kidogo sana kuliko aliye peke yake. Mmoja akiachwa peke yake usiku wa baridi, na hasa akiwa na njaa, joto la mwili wake hushuka, akazimia usingizini. Walio pamoja huulinda uhai wao kwa kupeana joto. Katika vilima vya Tarime, ambako usiku wa mwezi wa saba watu hujifunika mablanketi mawili, twaweza kuelewa faida ya desturi hiyo.

Malezi yao pia ni ya jamaa. Hujenga kiota kama kikombe, cha vijiti na mizizi, ndani yake majani laini, katika kichaka kizito. Mayai mara nyingi ni mawili hadi manne. Dume na jike huatamia kwa zamu, na makinda hutoka baada ya majuma mawili hivi. Wanapolishwa, hawalishwi na wazazi tu. Ndugu zao waliozaliwa mbele nao huleta chakula. Kwa hiyo anayeua mmoja katika kundi huenda amemwondoa mlezi wa makinda yasiyo yake.

4. CHAKULA CHAKE

Kuzumburu hula matunda, majani machanga, machipukizi, maua, na maji matamu ya maua. Porini hula tini za mikuyu na matunda madogo ya vichaka. Kuzumburu wa kisogo cha buluu hupenda sana matunda ya mswaki katika nchi kavu. Bustanini hula mapapai, mapera, nyanya, na forosadi. Hali kadhalika huchuma majani ya njegere changa na ya mboga nyingine.

Si mla nafaka. Neno hili tulishike sana. Wanaomaliza mtama na ulezi ni ndege wenye midomo minene ya kuvunjia mbegu: mnana wa aina mbalimbali, na kwelea kwelea wanapokuja kwa makundi yao makubwa. Mdomo wa kuzumburu ni mfupi na umepinda kidogo, ni wa kung'atia tunda na jani, si wa kupasulia punje.

Tena yafaa tujue kwamba mbegu ndogo za matunda hupita tumboni mwake zikatoka nzima, naye akazidondosha mahali pengine. Kwa njia hiyo hupanda miti na vichaka bila kujua. Kazi hii ina pande mbili. Mkuyu ulioota kando ya kijito huenda ulipandwa na ndege. Lakini kichaka cha lantana nacho, mmea wa miiba midogo na maua ya rangi nyingi ulioletwa Afrika kutoka Marekani ya joto, huenezwa na ndege wanaokula matunda yake, na kuzumburu ni mmoja wao. Basi asifiwe kwa haki, na alaumiwe kwa haki.

5. JINA LAKE KATIKA LUGHA ZA WATU

Sasa tuje kwenye jina. Makaburu wa Afrika Kusini walimwita muisvoël, maana yake ni ndege-panya. Wajerumani humwita Mausvogel, na maana ni ile ile. Waingereza nao wana jina la namna hiyo hiyo. Kwa nini wote walimkumbuka panya? Kwa sababu tatu: manyoya yake laini ya kijivu au kahawia, mkia wake mrefu, na mbio zake katika matawi. Wafaransa hawakumkumbuka panya. Walichukua jina la kitaalamu, wakamwita coliou.

Jina la kitaalamu nalo lina historia yake. Mwaka 1760 Mfaransa Brisson alilitunga jina Colius. Mwaka 1766 Linnaeus wa Sweden, yule aliyeufundisha ulimwengu kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili, aliandika habari za aina mbili za kuzumburu. Lakini tuone alivyoziweka. Ile ya kusini aliiita Loxia colius, akaihesabu pamoja na ndege wavunja mbegu. Ile ya kisogo cha buluu aliiita Lanius macrourus, akaihesabu pamoja na mbwigu, ndege wakali wanaokula wadudu na kuua wadogo. Ndugu wawili wa nyumba moja waliwekwa katika nyumba mbili za wageni, mmoja kwa wala nafaka, mwingine kwa wala nyama, na wote wawili ni wala matunda! Baadaye wataalamu walisahihisha. Mwaka 1854 jina Urocolius likatolewa na Bonaparte kwa kuzumburu wa mikia myembamba. Leo kuzumburu wote wamewekwa katika jamaa yao wenyewe, hata katika daraja yao peke yao, wala hawana ndege mwingine aliye hai wa kuwa ndugu yao wa karibu.

Kosa jingine limebaki katika jina hata leo. Aina mojawapo, kuzumburu wa uso mwekundu wa nchi za kusini mwa Afrika, aliitwa indicus mwaka 1790, yaani wa India. Hajawahi kuonekana India hata siku moja. Lakini kwa kanuni za wataalamu jina lililotolewa kwanza halibadilishwi kwa sababu ya kosa la namna hiyo, kwa hiyo ndege wa Afrika amebeba jina la nchi asiyoijua.

Tunajifunza nini hapa? Twajifunza kwamba jina laweza kubeba maarifa, na jina laweza kubeba kosa. Linnaeus alikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini hakumwona ndege huyu akiishi. Ngozi iliyokaushwa haielezi yule ndege alikula nini, wala alilalaje. Mtoto wa Tarime anayechunga mbuzi angaliweza kumweleza kwa dakika moja.

6. UKALE WA JAMAA HII

Tulisema kwamba siku hizi kuzumburu hukaa Afrika tu. Zamani za kale haikuwa hivyo. Mifupa ya ndege wa ukoo wao, iliyogeuka mawe, imechimbuliwa Ulaya, hasa mahali paitwapo Messel katika Ujerumani, na pia huko Marekani. Mwaka 1992 wataalamu wawili waliandika habari za ndege mmoja wa ukoo huu aliyepatikana Wyoming, wakamwita Sandcoleus. Mwaka 2017 wengine waliandika habari za ndege mdogo aliyepatikana New Mexico, katika mawe yenye umri wa miaka milioni 62 hivi kwa hesabu yao. Huko kote ukoo ulikwisha. Afrika peke yake ndiyo iliyowahifadhi hata leo. Kwa hiyo ndege huyu anayefukuzwa na watoto kwa mawe ni mrithi wa mwisho wa ukoo wa kale sana, na urithi huo uko mikononi mwetu.

Lakini liko neno jingine katika habari ile ya 2017, nalo lahusu somo letu. Wataalamu wale walimpa ndege wa New Mexico jina la Tsidiiyazhi abini. Si la Kilatini, wala la Kigiriki. Ni la lugha ya Wanavajo, watu wenyeji wa nchi ile, na maana yake ni ndege mdogo wa asubuhi. Lugha ya wenyeji, ambayo zamani watoto walikatazwa kuisema shuleni, imeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima. Basi asiseme mtu kwamba majina ya lugha za nyumbani ni mambo ya wasiosoma.

7. HUKUMU YA SHAMBANI

Sasa tulirudie neno tulilolianza. Mkulima amelima ulezi wake. Asubuhi akaona masuke yamenyonyolewa. Akatazama, akaona kundi la ndege wenye mikia mirefu katika ua wa shamba. Akakasirika, akaufyeka ua wote, akauchoma moto. Je, amefanya nini? Amewafukuza kuzumburu, ambao hawakugusa punje moja. Na mnana waliokula ulezi wamebaki katika miti yao kando ya mto, watarudi kesho. Tena ameuondoa ua uliozuia mbuzi na mmomonyoko. Hasara ya kwanza imebaki pale pale, na ya pili ameiongeza mwenyewe. Hayo ndiyo matunda ya kutojua jina.

Mkulima mwingine hasara yake ni ya kweli: kuzumburu wamemla mapapai na nyanya. Huyo hatuwezi kumwambia awapende ndege na kunyamaza, maana papai lile lilikuwa ada ya shule ya mtoto. Lakini asikimbilie sumu. Sumu iliyotiwa katika tunda haichagui. Ndege aliyekufa kwa sumu huokotwa na paka, na mwewe, na kuku wa jirani. Tena wavulana wengi huchoma ndege wadogo na kuwala. Aliyetega ndege aweza kuua mtoto. Kwa sababu hiyo twawasihi wazee wa mitaa walikataze jambo hili waziwazi.

Njia zilizo salama ziko, nazo hazina gharama kubwa:

Kwanza, mapapai machache yaliyo bora yafungwe kwa magunia ya zamani au vitambaa mara yanapokaribia kuiva. Kuzumburu hula anachokiona na kukifikia.

Pili, matunda yachumwe yanapoanza kugeuka rangi, yakaivie nyumbani. Tunda linaloachwa mtini mpaka liive kabisa ni karamu iliyotandikwa.

Tatu, vitalu vya njegere na mboga vifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, uliovutwa ukakazika. Wavu uliolegea huwanasa ndege wa kila namna, wakafa bila faida.

Nne, tusikate mikuyu na vichaka vyote vya matunda ya mwitu kando ya mito. Asiye na chakula porini huja mezani kwetu. Mikuyu ikiwapo, wengine watakwenda huko.

Tano, lantana ing'olewe ingali changa. Tukiacha ienee, tumewaandalia kuzumburu chakula karibu na bustani, tena tumeipoteza malisho ya ng'ombe.

Na wavulana wenye manati tuwaambie nini? Tusiwapige tu. Tuwape kazi ya macho. Mvulana awezaye kumlenga ndege kwa jiwe ana macho makali ya kutosha kuhesabu kundi lina wangapi, wanalala kichaka gani, wanakula matunda ya mti upi. Aulizwe hayo mbele ya wenzake, naye atayatafuta.

8. TUKUSANYE MAJINA YA LUGHA ZETU

Katika wilaya hizi mbili husemwa lugha nyingi: Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kijaluo na nyinginezo. Wazee waliochunga ng'ombe katika nchi hii walikuwa na majina ya ndege kwa makumi, na pamoja na jina walijua habari: huyu hutangulia mvua, huyu huonyesha nyuki, huyu hula tunda fulani. Siku hizi mtoto husoma shuleni Kiswahili na Kiingereza, na hilo ni jema, lakini akiulizwa jina la ndege aliye mbele yake, hujibu, "Ni ndege." Mzee akifa, jina hufa pamoja naye, na maarifa yaliyofungwa ndani ya jina hayafunguki tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Majina haya ni mali, na daftari lake halijaandikwa.

Kwa hiyo twawapa walimu wa dini na wote wajuao kuandika kazi hii nyepesi. Kila mmoja achukue daftari, na kwa kila jina aandike mambo manne: jina lenyewe kama linavyotamkwa, lugha yake, kijiji lilikosikiwa, na maana yake, ikiwa ina maana. Lakini ashike kanuni hizi tatu.

Asiulize kwa maneno matupu. Akisema, "Yule ndege mdogo wa mkia mrefu mwaitaje?" huenda mzee akamfikiri fumbwe, na yeye akaandika kuzumburu. Waende pamoja mpaka ndege aonekane, wamwonyeshane kwa kidole.

Asiulize mtu mmoja tu. Awaulize watatu, kila mmoja peke yake, na akina mama wasiachwe, maana wao ndio walio bustanini. Majibu yakiafikiana, aandike. Yasipoafikiana, aandike yote. Huenda vijiji viwili vina majina mawili, na yote ni ya kweli.

Asimlazimishe asiyejua. Mtu akibanwa sana atatoa neno lolote ili amridhishe mgeni, na neno hilo likiandikwa litakuwa kama lile la India: kosa litakalosomwa na wajukuu.

Tukifanya hivyo, shule zetu zitakuwa na orodha ambayo haiwezi kununuliwa dukani. Na kuzumburu atakuwa na majina matatu yanayosaidiana: la nyumbani, liwe na maarifa ya wazee, la Kiswahili, tuelewane na wenzetu wa pwani na bara, na la wataalamu, tusomane na watu wa dunia yote.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Ni alama zipi zinazomtenga kuzumburu na fumbwe, na chozi, na shore?
2. Ni wa aina gani unaowaona kijijini kwako, wa kahawia au wa kisogo cha buluu? Hilo laeleza nini juu ya mvua na miti ya mahali hapo?
3. Kwa nini kuzumburu huota jua asubuhi na kulala kwa kushikana usiku?
4. Linnaeus aliwaweka kuzumburu katika nyumba zipi mbili zisizo zao? Alikosa kujua nini?
5. Mkulima ameliwa ulezi, na mwingine ameliwa mapapai. Kila mmoja amtafute ndege gani, na afanye nini?
6. Katika lugha ya nyumbani kwako kuzumburu huitwaje? Umemwuliza nani, naye alimwonyesha ndege yupi?

Wenye kuongoza somo hili wasijibu swali la sita kwa niaba ya wengine. Waliache liende nyumbani, lirudi juma linalofuata pamoja na jina la mzee aliyelijibu.